Pakawa Imerudi kwa Nyayo: Kumbukumbu ya Mradi wa Tembo Aliyezama

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, katika ua wa nyumba yetu hapa Chang'ombe, Dodoma, watu 19 waliketi juu ya mbao wakiwa wamevua viatu, nami nikakanyaga mara moja kwa kisigino. Wakanijibu kwa visigino vyao mara mbili, wote kwa pamoja, na jibu lao likapanda kutoka kwenye unyayo wangu hadi gotini. Anayepita njiani angeona watu wanakanyaga sakafu tu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa Pakawa, na imenichukua miezi saba kuipata.

Wanaofuatilia mradi huu wanajua kwamba ninatunga visasili vya kusimuliwa kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, mbele ya watu kwanza na mbele ya kamera baadaye. Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka minane, kwa homa ya uti wa mgongo, na kabla ya hapo nilikuwa mteja mkubwa wa hadithi za bibi yangu, ambaye alizianza kwa Kiswahili na kuzimalizia kwa Kigogo kila zilipomkolea. Niliporudi nyumbani kutoka hospitali, hadithi zilikuwa zimekatika. Bibi hakuacha kusimulia. Alisimulia gizani, karibu na mafiga ambayo moto wake ulikuwa umeshafifia, nami nilikaa palepale nilipokaa siku zote nikitazama giza.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisiandike historia ya Viziwi kama historia, yenye miaka na majina, badala ya kuhangaika na tembo na mizimu. Historia hiyo ninaipenda na ninaisoma. Ninajua kwamba mwezi Septemba 1880 walimu waliokutana Milan waliamua kuwa Viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, wakaziweka kando lugha za alama, na kwamba ilipita miaka 130 kabla ya mkutano wa walimu wa Viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010 kuyakataa maazimio hayo. Ninajua pia kwamba shule ya kwanza ya Viziwi hapa nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, wakati ya wasioona ilikuwepo Buigiri, jirani zetu hapa, tangu mwaka 1950. Tatizo ni kwamba nilipowasimulia vijana wa kundi letu mambo hayo, walitikisa vichwa kwa adabu, wakarudi kwenye simu zao. Miaka haikuwagusa, kwa kuwa katika masimulizi yale yote Kiziwi hutokea akiwa anatendewa jambo: anafungiwa, anafunguliwa, anaamuliwa, anasamehewa.

Urithi wetu wa fasihi nao haujatusaidia sana. Lugha ya Kiswahili, ambayo ninaipenda kuliko nyingine zote ninazoandika, imefanya kusikia na kutii kuwa jambo moja, kiasi kwamba mtoto mwema ni msikivu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Katika ngano nyingi nilizokulia, asiyesikia ni mjinga wa kuchekwa au ni mtu aliyelipishwa kosa la wazazi wake. Nilitaka kisasili kimoja tu ambamo Kiziwi yupo mwanzoni mwa jambo, na jambo lenyewe lisingetokea bila yeye.

Hapo ndipo mji wetu uliponiokoa. Kila mtoto wa Dodoma ameambiwa kwamba jina la mji linatokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani kimezama, kwa sababu tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akanasa katika tope, na watu waliomwona wakapiga ukelele huo. Kuna simulizi nyingine ambayo mimi binafsi huiona ya kuchekesha zaidi, ya Wagogo walioiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia kwenye tope na kuwaambia wenye mali waliofuata nyayo kwamba mifugo imezama. Nilichagua tembo. Tembo hutoa mngurumo wa chini mno ambao sikio la binadamu halinasi, sehemu ya mtetemo wake husafiri ardhini, na tembo wenzake huupokea kwa miguu. Nilipolisoma jambo hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Mnyama mwenye masikio makubwa kuliko wote nchi kavu husikiliza kwa nyayo.

Katika kisasili changu, basi, kijiji kimelala, mvua imenyesha usiku kucha, na binti Kiziwi anayelala sakafuni anaamshwa na ardhi. Anapapasa kuta, zinatetemeka; anatoka, anaufuata mtetemo peku hadi kijitoni, anamkuta tembo amezama hadi tumboni, akiita wenzake kwa sauti ambayo wenye masikio kijijini hawaisikii hata kidogo. Binti anarudi kuwaamsha watu, nao hawamwelewi, mpaka anaponyoosha mkono mmoja ukiwa tambarare na kuuzamisha mwingine taratibu nyuma yake. Ishara ile ndiyo inayotangulia. Ukelele wa idodomya unafuata, kwa kuwa mmoja wa wanaosikia analazimika kuitafsiri kwa wenzake. Kwa maneno mengine, katika hadithi yangu mji huu uliitwa kwa mkono kabla ya kuitwa kwa mdomo. Najua wazee wangapi watanikunjia uso kwa hilo, na ninawakaribisha, kwani kisasili kisichobishaniwa huwa kimeshakufa.

Hadithi yenyewe ilikamilika ndani ya wiki tatu. Kilichoniangusha ni mlango wake.

Msimulizi wa Kiswahili hagongi hadithi kwa ghafla. Husema Paukwa, akajibiwa Pakawa. Au huita hadithi, hadithi, nao waliokaa wakaialika hadithi ije, uongo uje, utamu ukolee. Vitabu vya shule huliita jambo hilo fomyula ya kufungulia, vikalipita kwa sentensi moja, ilhali ndiyo saini ya mkataba mzima: msimulizi anaomba ruhusa ya kudanganya, na kadamnasi inaitoa kwa kauli moja. Katika kauli ile moja, kila mtu husikia sauti yake ikiwa ndani ya sauti za wengine. Nilikuwa nalo hilo hadi nilipofika miaka minane, na hakuna kitu kingine cha dunia ya kusikia ninachokikumbuka kwa uchungu kama huo, hata muziki.

Jaribio la kwanza lilikuwa taa. Nyumbani kwa Viziwi, kuwasha na kuzima taa ndiko kugonga mlango na ndiko kuita, kwa hiyo nilidhani nimemaliza kazi kabla sijaianza. Taa huita vizuri sana, lakini haipokei jibu, na kila inapozimwa mikono yangu nayo hupotea. Jaribio la pili lilikuwa mikono ya wasikilizaji yenyewe, kwamba nikitoa ishara ya Paukwa wao wainue mikono na kuitikisa kama tunavyopiga makofi. Nilipendezwa mno, kwa sababu mimi niliyesimama mbele niliiona mikono yote. Dada mmoja wa kundi akanivunja moyo kwa swali moja tu: yeye aliyekaa pembeni mwa nusu duara, akinitazama mimi, atajuaje kwamba wenzake wamejibu? Alikuwa sahihi. Ilikuwa ni Pakawa ya msimulizi peke yake.

Tangu hapo nilijua kwamba jibu lazima lipite mwilini, na hapo ndipo fedha zilipoanza kuisha. Niliazima spika kubwa ya besi, nikailaza kifudifudi uani. Udongo wetu ni kichanga, na kipindi cha kiangazi hunyonya mtetemo kama unavyonyonya maji. Waliokaa hatua mbili kutoka kwenye spika walihisi kitu, waliokaa hatua tano hawakuhisi chochote, na jirani aliyekuwa umbali wa nyumba tatu, ambaye hatukumwalika, alihisi kila kitu akaja kutuambia. Tulihamia kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi mmoja, tukakanyaga mpaka visigino vikauma. Saruji haina habari na mtu. Tulijaribu mabenchi, na kwa dakika chache nilidhani tumefika, kwa kuwa waliokaa benchi moja walihisiana vizuri kabisa, lakini mabenchi sita yalikuwa vijiji sita visivyojuana.

Kisha nikaifikiria ngoma ya muheme, na niseme ukweli, niliifikiria kwa kiburi, nikijiona tayari nimeunganisha utamaduni wa Wagogo na historia ya Viziwi kwa pigo moja. Mama mmoja anayetoka upande wa Chamwino, mpigaji tangu usichana wake, alikubali kuja na ngoma yake. Mnaoijua muheme mmeshaliona kosa langu: ngoma hiyo hubanwa katikati ya mapaja, imeinama, haigusi chini. Mtetemo wote ulimwingia yeye. Nilipomwomba aisimamishe sakafuni, aliniangalia kama mtu aliyeombwa amsimamishe mtoto mchanga, akaniandikia kwenye simu: "Mwanangu, hii hupigwa ikiwa imekumbatiwa." Nilimwomba radhi, naye akachukua kigoda akakaa, akasema atanisubiri nikiwa na jambo la maana.

Jambo la maana lilikuwa mbao. Nilianza kwa kuzilaza moja kwa moja juu ya udongo, na zikafa kama udongo wenyewe. Nikazipandisha juu ya mbao za inchi 2 kwa 4 zilizopangwa kila baada ya futi 2, na hizo nikazikalisha juu ya matofali ya kuchoma ili chini kubaki na hewa. Kati ya tofali na mbao nikaweka vipande vya tairi, vile vya kutengenezea makatambuga, ili jukwaa lisiyumbe. Juu nilitandaza mbao 24 za inchi 1 kwa 8, zenye urefu wa futi 12, na eneo lote likawa futi 12 kwa 16. Nilikanyaga kwa furaha. Ubao wangu ulitetemeka kwa namna ya ajabu, na ubao wa pili yake haukujua kama nipo. Nilikuwa nimejenga mabenchi 24.

Kwa wiki mbili nililaumu kila kitu isipokuwa kichwa changu. Fundi seremala alilaumu paina, akataka ninunue mninga, ambao bei yake ingetosha kulipia kodi ya miezi kadhaa. Binti yangu, aliye kidato cha pili na anayesikia, ndiye aliyeniambia kwamba jukwaa linapiga kelele kama kiti kibovu, jambo ambalo nisingelijua kamwe. Misumari ilikuwa imelegea. Paina inayouzwa hapa huja na unyevu, jua la Dodoma huikausha ikiwa tayari imepigiliwa, tundu hupanuka, na msumari hubaki unaelea. Tuliing'oa yote. Tulifunga kwa skrubu za inchi 2 na nusu, tukapitisha chini mikanda mitatu ya mbao iliyozishika zile 24 kwa upana, kila ubao skrubu mbili kwa kila mkanda. Kuanzia leo, yeyote atakayeniambia kwamba skrubu ni ubadhirifu, nitamwalika aje peku.

Hata hivyo jioni tuliyomaliza sikujua nini cha kupigia. Nilijaribu rungu, nikajaribu mchi wa kinu, ambao ulipiga vizuri lakini ulinichukua mikono yote miwili, na msimulizi wa alama asiye na mikono ni sawa na msimulizi aliyejaza ugali mdomoni. Mama wa muheme alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando akinitazama. Akasimama, akavua kandambili, akapanda juu ya mbao, akainua mguu wa kulia kidogo tu, si zaidi ya upana wa kiganja, akaushusha kwa kisigino huku goti likiwa limelegea. Nilikuwa kona ya mbali kabisa, futi 16 kutoka kwake, nikiwa nimempa mgongo. Niligeuka kana kwamba nimeitwa kwa jina.

Nilikuwa nimemweka binti kwenye hadithi yangu amfuate tembo kwa nyayo, nikatumia miezi saba kutafuta spika.

Neno kuhusu vifaa vya kurekodia, kwa wale walioniuliza. Simu inatosha, kamera kubwa niliyoazima sikuitumia hata mara moja baada ya siku ya kwanza. Shida ni mwanga, kwa sababu kamera ikikosa mwanga hulegeza shata, yaani hukawia kufumba jicho lake, na vidole hugeuka ukungu hasa pale vinapokwenda kasi, yaani pale vinaposema jambo. Nilipanga simu ichukue picha 60 kwa sekunde, nikaweka taa mbili za sola mbele yangu pembeni, kushoto na kulia, nikavaa shati jeusi lisilo na maua. Msitume video ya alama kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwani huibana mpaka vidole vitano vikawa vitatu. Itumeni kama waraka.

Kuna mlango mwingine niliouacha njiani. Viziwi wa Marekani wana hadithi ya sayari iitwayo Eyeth, ambako kila mtu huongea kwa mikono na anayesikia ndiye mgeni. Jina hilo ni mchezo juu ya Earth, neno la Kiingereza la dunia, ambalo limebeba sikio (ear) ndani yake. Wao wakaling'oa sikio wakaweka jicho (eye). Nilikesha usiku mzima nikitafuta mchezo wa namna hiyo kwa Kiswahili. Dunia haina sikio, lakini ulimwengu una ulimi karibu mzima, umekaa mwanzoni mwa neno, na ukitamka haraka ulimi wangu unakaribia kuwa ulimwengu. Nikabuni sayari ya Mkonowengu. Nilikuja nayo kikundini nikijiona mshairi, nikaitamka kwa vidole herufi kwa herufi, na nikapokewa kwa nyuso tupu. Kijana mmoja akauliza kwa nini nimetunga utani wa watu wanaosikia. Nimeufuta.

Turudi Jumamosi. Kati ya wale 19, Viziwi walikuwa 14. Nilisimama kwenye ubao wa mwisho, taa zikiwa zimeshatulia, nikakanyaga Paukwa. Pakawa ya kwanza ilikuja imetawanyika, kama mvua ya rasharasha. Nikarudia. Ya pili ilikuja pamoja, na niliona nyuso zikibadilika kabla sijaelewa kwamba uso wangu nao umebadilika, kwani kila mmoja alikuwa amehisi kisigino chake na vya wenzake kwa wakati mmoja. Katikati ya hadithi, tembo alipokuwa akiita kutoka topeni, mama wa muheme alikanyaga taratibu kutoka nyuma yao bila kuonekana, na watoto wawili wakageuka kumtafuta tembo. Mmoja wao, wa miaka tisa hivi, alinyoosha mkono kabla sijamaliza akauliza kama tembo naye alikuwa Kiziwi. Nilimwambia hapana, ana masikio makubwa. Akauliza kama ni hivyo, kwa nini asiyatumie. Watu wazima walibishana juu ya hilo mpaka taa moja ikaisha chaji.

Kisasili cha pili kilipaswa kuwa cha Milan: mji ambao watu wake wote wanaamriwa kukalia mikono yao. Ninayajua hayo kwa mwili, kwa sababu katika shule niliyosoma tulikalia mikono darasani na kuongea usiku bwenini kwa mwanga wa mbalamwezi, na usiku usio na mwezi tuliandikiana viganjani. Nilikuwa nimeshaandika kurasa sita. Cha tatu kingekuwa cha Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu kwa homa ileile iliyonipata mimi, akiwa na miaka 11, akaja kufungua shule ya Viziwi Accra mwaka 1957 na nyingine nyingi barani humu, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987.

Vyote viwili vimesogezwa, na wa kulaumiwa ni mzee mmoja wa kundi letu. Baada ya hadithi alibaki amesimama katikati ya mbao, akitazama miguu yake, kisha akatusimulia jinsi alivyopelekwa shule Tabora mwaka 1968, akiwa mtoto ambaye hakuna mtu aliyeweza kumweleza anakwenda wapi. Alisimama stesheni ya Dodoma peku, ameshikwa mkono na baba yake, akahisi kitu kikubwa kinakuja kupitia ardhini, na akaelewa kwa akili ya mtoto kwamba kuna mnyama. Alilia kabla treni haijaonekana. Baba yake hakujua analilia nini.

Nilimwomba asimulie mara ya pili, polepole. Kisha nikazigeuza zile kurasa sita upande wa nyuma nikaanza kuchora reli.

Shida mpya ni kwamba treni haikanyagi mara moja. Jana tuliwaweka watu watatu kwenye kona, wakikanyaga kwa kupokezana ili mtetemo ukue kutoka magharibi ya jukwaa kwenda mashariki, na ukikua vya kutosha unaimeza Pakawa, huwezi tena kujua nani amejibu. Nimeshajaribu kuutoa mkanda mmoja wa chini ili upande mmoja wa jukwaa utengane na mwingine, na ubao wa 11 umepasuka kwa urefu wake wote. Fundi amesema tena mninga. Mama wa muheme anasema nimwache yeye awe treni peke yake, lakini kwanza nimrudishie kigoda chake.